Jina Litokalo Mfupani

Kitunguu saumu kilichotulia ndani ya gunia hakinuki sana. Chukua kichwa kimoja pale mnadani Dongobesh, huku Mbulu, kikiwa bado na vumbi la shamba kwenye mizizi yake mikavu, kisugue kwa kidole, kinuse: utapata harufu ya udongo na ya maganda, basi. Menya punje moja, nayo ni nyeupe, laini, yenye ubaridi, na ukali wake bado uko mbali. Iweke kwenye ubao, ibonde kwa ubapa wa kisu, na kabla hujainua mkono jiko zima limeshajaa. Harufu ile haikuwamo. Ndani ya punje nzima mna kitu kisichonuka kiitwacho aliini, na katika chumba kingine cha punje ileile mna kimeng'enya kiitwacho alinasi, na viwili hivyo huishi ujirani miezi na miezi bila kukutana. Kisu kinapozivunja kuta vinakutana, na katika sekunde chache inazaliwa alisini, ambayo ndiyo inayochoma pua na kuwasha ulimi. Mkulima wa Bashay, ambaye saumu ndiyo ada ya shule ya watoto na ndiyo mabati ya nyumba, hahitaji kuambiwa habari hiyo na mtu. Vidole vyake vinaijua. Mimi bado inanishangaza kwamba kitu kizaliwe mbele ya macho yangu, juu ya ubao wa jikoni, kisha nikute kimeshatayarishiwa jina, tena majina mawili.

Jina la kwanza lilitoka puani. Mwaka 1844 Theodor Wertheim, Mwaustria, alipitisha mvuke kwenye saumu, akakusanya mafuta yake makali, na kile kipande cha kaboni kilichomo ndani ya mafuta hayo akakiita alili, kutokana na Allium, jina la Kilatini la saumu. Miaka 100 baadaye, mwaka 1944, Chester Cavallito na John Bailey huko Marekani waliitenga alisini yenyewe, nayo ikapewa jina la ukoo uleule. Kwa hiyo kila mwanafunzi anayeandika alili kwenye daftari lake, awe Mbulu, Mumbai au Berlin, anaandika saumu, hata kama hajui. Jina la pili ni hili: S-(prop-2-eni-1-ili) prop-2-eni-1-salfinothioeti. Naomba msomaji asiliruke. Lisome polepole, kama unavyosoma barua ya mtu unayempenda aliyeandika kwa mwandiko mbaya. Prop ni kaboni tatu zilizoshikana katika mstari mmoja. Eni inasema kwamba kati ya kaboni hizo kipo kifungo maradufu, na tarakimu 2 inasema kinaanzia kwenye kaboni ya pili. Ili inasema kwamba kipande hiki hakijitegemei, kimeshikizwa kwenye mwili mwingine, na tarakimu 1 inaonyesha kaboni iliyoshika. S ya mwanzo ni salfa, mahali pa kushikiziwa. Kisha prop inarudi tena, kwa kuwa upande wa pili nao una kaboni tatu na kifungo maradufu palepale. Mwishoni, salfinothioeti: salfa mbili zimekumbatiana, moja kati yao imebeba oksijeni. Umemaliza kuusoma mwili wote. Mtu ambaye hajawahi kuonja saumu maishani mwake, akipewa jina hilo peke yake na kalamu, ataichora alisini bila kukosea hata kifungo kimoja.

Wahenga wa pwani walisema: usione vyaelea, vimeundwa. Walikuwa wakimkumbusha mtazamaji kwamba chini ya tanga lililojaa upepo kuna mbao, misumari, kalafati na jasho la fundi. Jina la pili la alisini limeundwa kwa hekima hiyohiyo. Halizungumzii tanga. Halisemi kwamba kitu hiki kinanuka, wala kwamba bibi hukibonda na kukichanganya na asali kifua kinapobana, wala kwamba bei yake hupanda na kushuka hadi mkulima akalala macho. Linataja mbao na misumari tu, moja baada ya nyingine, kwa mpangilio usiomruhusu msemaji kuongeza chumvi. Wapo wanaoliona jina la namna hiyo kuwa kavu, na wanafunzi wengi wa kidato cha nne hulichukia kabisa. Nawaelewa. Hata hivyo, kadiri ninavyolitazama ndivyo ninavyozidi kuona ndani yake adabu ambayo sisi wenyewe, tunapotaja watu na nchi, mara nyingi tumeikosa: adabu ya kutokipa kitu jina kabla ya kujua kimeunganikaje.

Adabu hiyo haikushuka yenyewe. Katikati ya karne ya 19 wanakemia wa Ulaya walikuwa wakizungumza bila kuelewana. August Kekulé, katika kitabu chake cha mwaka 1861, aliweza kuorodhesha fomula 19 tofauti zilizokuwa zikitumika kwa kitu kimoja tu, asidi asetiki, ile iliyomo ndani ya siki. Mwaka 1866 August Wilhelm Hofmann akapendekeza kwamba irabu ifanye kazi: a kwa kaboni zilizoshiba hidrojeni, e kwa zile zilizopungukiwa kidogo, i kwa zilizopungukiwa zaidi. Ndipo tulipopata ethani na etheni, ambazo sikioni zinatengana kwa irabu moja, na katika dunia zinatengana kwa mengi: etheni ni gesi inayoivisha ndizi, ethani haiivishi kitu. Mwezi wa Aprili 1892 wanakemia 34 kutoka nchi tisa za Ulaya walikutana Geneva, wakiongozwa na Charles Friedel wa Ufaransa, wakakubaliana kanuni. Tafuta mnyororo mrefu wa kaboni. Huo ndio shina la jina. Uhesabu kuanzia ncha itakayoyapa matawi namba ndogo. Yataje matawi, kila moja na namba yake, kisha useme mwishoni ni kitu cha namna gani. Kazi hiyo ikarithiwa na shirika la kimataifa la IUPAC lililoanzishwa mwaka 1919, nalo limekuwa likiyanyoosha masharti hayo hadi leo. Kitabu chake kikubwa cha mwisho kwa ajili ya misombo ya kaboni kilitoka mwaka 2013.

Mwaka huohuo wa 1892, mwezi mmoja kabla ya mkutano wa Geneva, Mwaustria mwingine, Oscar Baumann, alikuwa na msafara wake katika nyanda hizi zetu za Mbulu na Hanang. Alikuwa ametumwa na kamati ya Kijerumani iliyojiita ya kupinga utumwa, akapita ziwa Manyara, akashuka Ngorongoro, akaliona ziwa Eyasi, na safari hiyohiyo ikamfikisha nchi ya Wairaqw. Alikuwa akichora ramani, na ramani haichoreki bila majina. Majina aliyapataje? Kwa wapagazi, kwa waongozaji, kwa jirani wa watu waliokuwa wakitajwa. Ndivyo majina ya nyanda hizi yalivyosafiri, kabla yake na baada yake: Wadatoga waliingia midomoni mwa wengine, na hatimaye kwenye makaratasi, kama Wamang'ati, neno ambalo kwa Wamaasai ni adui. Wairaqw wakaitwa Wambulu, kwa jina la mahali wanapoonwa na mpita njia. Watu wazima wenye koo, wazee, nyimbo na sheria zao wakatajwa kwa ugomvi wa jirani au kwa kituo cha safari. Sisemi kwamba Baumann peke yake alilifanya hilo. Sote tunalifanya, na mpaka leo mtu wa Arusha atakuambia bila kusita kwamba pale mnadani Katesh Wamang'ati wameleta ng'ombe. Ninachosema ni kwamba katika majira yaleyale ya 1892, Ulaya ilikubaliana mezani kwamba hata mafuta ya saumu yasiitwe kwa harufu tu, bali yachunguzwe ndani kwanza. Na huku nyikani binadamu wakaendelea kuitwa kwa kilichosikika kutoka kwa aliyegombana nao.

Wenyewe walikuwa na utaratibu wao wa majina, na utaratibu huo una mpango unaomfurahisha yeyote aliyewahi kuhangaika na kanuni za Geneva. Jina la mwanamume wa Kidatoga mara nyingi huanza na Gida, la mwanamke huanza na Uda, kisha hufuata kiini kinachoweza kubeba tukio, mahali au hali iliyokuwapo mtoto alipokuja duniani. Ukisikia kichwa cha jina umeshajua jambo la kwanza. Ukisikia kilichobaki umeanza kujua la pili. Gidamis Shahanga, mwana wa Hanang aliyeshinda mbio za marathoni katika Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edmonton mwaka 1978 na mita 10,000 kule Brisbane mwaka 1982, alibeba kichwa hicho cha Gida hadi kwenye ubao wa matokeo wa Kanada na Australia, ambako huenda hapakuwa na mtu hata mmoja wa kukisoma. Kwa Wairaqw mtoto aliyezaliwa mvua ikinyesha anaweza kuitwa Tluway, mvua yenyewe, na yule ambaye mzazi wake alikuwa njiani akaitwa Safari. Majina haya hayaelezi mifupa ya mtoto. Yanaeleza mlango aliopitia kuingia. Mwanakemia naye anao mlango huo: asidi fomiki imeitwa kwa jina la Kilatini la siafu na sisimizi, maana ilipatikana kwanza kwa kuwachemsha wadudu hao, asidi ya maziwa imeitwa hivyo kwa sababu Carl Wilhelm Scheele aliipata kwenye maziwa yaliyochacha, mwaka 1780.

Hiyo asidi ya maziwa inastahili kukaliwa nayo kidogo, kwa kuwa ni ya hapa. Imo katika kila kibuyu cha maziwa ya mgando, kuanzia Basotu hadi Yaeda Chini, na ndiyo inayoukunja uso wa mgeni anapopiga funda la kwanza. Imo pia katika miguu. Msuli wa mkimbiaji anapokaza mwendo huitoa kwa wingi, na nchi hii ya Mbulu na Hanang imewatoa wakimbiaji ambao dunia haijawasahau. John Stephen Akhwari wa Mbulu, goti likiwa limeumia, aliingia uwanjani Mexico City jioni ya tarehe 20 Oktoba 1968 wa mwisho kati ya waliomaliza, na bado jina lake linatajwa pale ambapo majina ya wengi waliomtangulia yameshafutika. Jina jema hung'ara gizani. Basi, wanakemia wa karne ya 19 walijua asidi ya kibuyu na asidi ya msuli, na walipozichambua walikuta kaboni zilezile, hidrojeni zilezile, oksijeni zilezile, zimeshikana kwa mpangilio uleule, na hata hivyo mwanga ulipopita ndani yake hizo mbili hazikuugeuza sawasawa. Mwaka 1873 Johannes Wislicenus alikiri kwamba tofauti hiyo lazima iwe katika namna atomu zinavyokaa angani. Mwaka uliofuata kijana Mholanzi, Jacobus van 't Hoff, akaonyesha kwamba kaboni hunyoosha mikono yake minne kuelekea pembe nne, na kwamba ikishika vitu vinne tofauti inaweza kuvishika kwa njia mbili, moja ikiwa taswira ya nyingine kwenye kioo. Jina la zamani, asidi ya maziwa, halikuwa na nafasi ya kulisema hilo. Jina la utaratibu lilikuwa nayo. Leo ile ya msuli inaandikwa asidi ya (2S)-2-hidroksipropanoiki, na pacha wake ni (2R), na wote wawili humo ndani ya kibuyu huishi pamoja. Herufi moja, S au R, imetosha kutofautisha mkono wa kushoto na wa kulia wa kitu kisichoonekana kwa jicho.

Hapo ndipo ninapoiona kanuni ngumu kuliko zote, ambayo vitabu haviiandiki kwa sababu vinaichukulia kuwa wazi: kitu kikibadilika ndani, jina halina ruhusa ya kubaki. Ongeza kaboni moja kwenye propani, huna tena propani. Hamisha kifungo maradufu kutoka mahali pamoja hadi pa pili, tarakimu lazima ihame nacho. Ethanoli iliyomo katika pombe ya asali ya wazee, ikiachwa wazi hadi hewa na bakteria wakaifanyia kazi, huwa asidi ya ethanoiki, na hapo mkia wa oli unadondoka wenyewe. Hakuna mtu anayeweza kuiita siki pombe eti kwa sababu ilikuwa pombe jana. Duniani kwetu mambo huenda vingine. Katika nyanda za Basotu, kuanzia miaka ya 1970, shirika la umma la NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lililima ngano katika mashamba makubwa saba, jumla takriban ekari 100,000, juu ya malisho ya Wabarabaig, tawi la Wadatoga. Majembe ya trekta yalipita hata juu ya bung'eda, makaburi ya wazee yaliyoinuliwa kwa udongo na kutunzwa kwa vizazi. Mashamba yakaitwa Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gawal, Warret, Basotu. Moja likaitwa Gidagamowd, na kichwa cha Gida kikasomeka kwenye kibao cha shamba la ngano. Kijiji cha Mulbadaw kiliishtaki NAFCO, na shauri likafika hadi Mahakama ya Rufani katika miaka ya 1980. Sheria ilisema yake na wanasheria wameandika mengi juu yake. Mimi nabaki na majina. Kila kilichokuwa ndani ya Mulbadaw kilikuwa kimebadilika, nyasi, njia za ng'ombe, makaburi, watu waliokuwa na haki ya kupita, na jina likaachwa vilevile, likafanya kazi ya kuonyesha kwamba hakuna kilichotokea. Mwanakemia angelikataa jina hilo siku ya kwanza.

Turudi kwenye ubao wa darasa, mahali ambapo jambo hili hufundishwa kwa chaki. Mwalimu anachora mnyororo wa kaboni tano, anashikiza kaboni mbili za pembeni kwenye ile ya pili kutoka kushoto, moja juu na moja chini, kisha moja kwenye ya nne. Anauliza jina. Darasa linanyamaza, halafu mmoja anaanza: shina ni pentani, matawi ni methili tatu. Namba je? Ukihesabu kutoka kulia, matawi yako kwenye 2, 4 na 4. Ukihesabu kutoka kushoto, yako kwenye 2, 2 na 4. Linganisha namba kwa namba hadi zinapoachana. Pale penye nafasi ya pili 2 ni ndogo kuliko 4, basi kushoto kumeshinda: 2,2,4-trimethilipentani. Mtoto aliyelifikia jina hilo amekitaja kimiminika ambacho petroli yote duniani hupimwa kwacho. Ndicho kilichopewa 100 kwenye kipimo cha oktani, na heptani iliyonyooka ikapewa 0, na ile namba inayotajwa kwenye kituo cha mafuta Katesh, bodaboda zikiwa kwenye foleni, inatoka katika ulinganisho huo. Napenda sana dakika ile ya kuhesabu kutoka pande mbili. Kanuni haimwambii mwanafunzi aanzie kushoto kwa kuwa ndiko mkono wa mwalimu ulikoanzia. Inamtaka ahesabu huku, ahesabu na kule, asikilize pande zote mbili kabla ya kuamua, na uamuzi ukitoka hauwi wa mwalimu wala wa mwanafunzi. Binti wa Haydom akimsahihisha profesa wa Geneva kwenye namba hizo, profesa hana la kujibu.

Na binti huyo anafika kwenye ubao akiwa ameshatembea mbali. Nchi hii ya Mbulu, Hanang na jirani zake ni kati ya mahali pachache sana Afrika ambapo lugha za familia nne zisizo na undugu hukutana mnadani: Kiiraqw cha Kikushi, Kidatoga cha Kinailoti, Kinyiramba na Kinyaturu za Kibantu, na Kihadza ambacho hakina ndugu anayejulikana. Nyumbani alizungumza mojawapo. Shule ya msingi ikampa Kiswahili, ikampa kaboni na oksijeni kwa sauti tunazozimudu, ambazo wataalamu wetu wamezikusanya, kwa mfano katika kamusi ya biolojia, fizikia na kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990. Kidato cha kwanza kikampa Kiingereza, mara nyingi kwa ghafla na bila huruma. Ninaamini, na nimelisema kila nilipopata nafasi, kwamba ghafla hiyo imewaangusha watoto wengi waliokuwa na akili ya kemia. Lakini anapofika kwenye pent, heks, hept na okt, anafika mahali ambapo hakuna mwenyeji. Mwingereza hakuzaliwa na maneno hayo kinywani; ni Kigiriki kilichochongwa kikafanywa vifaa. Mjapani anajifunza, Mnorwe anajifunza, naye anajifunza, na kwa mtoto ambaye tangu utotoni amezoea kwamba kitu kimoja kinaitwa hivi kwa shangazi na vile kwa jirani wa ng'ambo ya korongo, kupokea jina moja zaidi si mzigo mkubwa. Tena lugha zake zimemfundisha kitambo kwamba kipande kidogo mwanzoni mwa neno kinaweza kugeuza kila kitu. Anayetofautisha mtu, kitu na utu anaweza kutofautisha methili, ethili na propili.

Wale waliotunga kanuni hawakuwa wakatili kwa majina ya zamani, na hilo hunipa faraja. Kitabu cha 2013, kwa ukali wake wote, kinalipendelea jina asidi asetiki kuliko asidi ya ethanoiki, na asidi fomiki kuliko asidi ya methanoiki. Siki na siafu wamebaki mezani. Kimeiacha pia urea iitwe urea. Hili la urea lina uzito wake, maana mwaka 1828 Friedrich Wöhler alipoitengeneza maabara bila figo ya mnyama yeyote, alianza kubomoa ukuta uliotenganisha vitu vya uhai na vitu visivyo na uhai. Leo inauzwa kwenye duka la pembejeo, mifuko ya kilo 50, asilimia 46 nitrojeni, na mkulima wa mahindi aliyeishia darasa la saba anaitaja yurea kwa uhakika kamili, akiwa anatamka jina lilelile ambalo IUPAC inalipendelea. Kule Haydom, ambako hospitali ya Kilutheri imekuwapo tangu mwaka 1955, mama anayepokea vidonge vya parasetamoli anakabidhiwa pia jina la zamani la kikemia lililokatwakatwa, para, aseti, ami, fenoli, hadi likatosha kwenye kiganja. Majina haya mawili, la mlangoni na la mfupani, yamejifunza kuishi pamoja. Anayelijua la pili peke yake anaweza kuchora kitu asichokuwa na sababu ya kukipenda. Anayelijua la kwanza peke yake anakipenda, lakini hawezi kumweleza mtu wa mbali ni kitu gani hasa.

Kuna msombo mmoja wa Afrika Mashariki ambao umebeba yote mawili ndani ya neno moja. Katika miaka ya 1970, watafiti waliohusiana na kituo cha ICIPE cha Nairobi, kituo kilichoanzishwa na Thomas Odhiambo mwaka 1970, walichunguza magome ya Warburgia, mti wenye gome linalowasha kama pilipili, ambao waganga wetu wameutumia tangu zamani kwa kifua, tumbo na malaria. Wajapani Isao Kubo na Koji Nakanishi walikuwa kati yao. Walikuta vitu ambavyo viwavijeshi, walewale wanaoshuka kwenye mahindi na ngano na kuacha shamba likiwa mashina matupu, wakivionja huacha kula. Kimoja wakakiita muzigadiali. Mkia wake ni sheria tupu ya Geneva: ali kwa kundi la aldehidi, di kwa kuwa yako mawili. Kichwa chake ni muziga, jina la Kiswahili la mti. Mtu fulani, mganga au mkata kuni au mwongozaji wa watafiti, aliulizwa mti huu unaitwaje, akajibu kwa lugha yake, na safari hii aliyeuliza alikuwa pia amekaa miezi kuangalia kitu kimeunganikaje ndani. Muzigadiali sasa inatamkwa Kyoto na California, na anayeitamka anasema muziga, kisha anasema aldehidi mbili, kwa pumzi moja.

Msitu wa Nou uko juu ya Mbulu, na mlima Hanang, wenye kilele cha mita 3,417, una msitu wake unaoizunguka miteremko. Miti iliyomo humo ina majina ya Kiiraqw na ya Kidatoga, na wazee wanaojua lipi ni la gome gani, linachemshwaje, na ng'ombe gani hupewa, hawaachi warithi wengi. Siku moja mwanafunzi kutoka hukuhuku, aliyezihesabu kaboni kutoka pande mbili hadi akachoka, atatenga kitu ambacho hakuna aliyekitenga. Mkia wa jina lake atakuwa nao tayari, oli, ali au oni, maana huo hutoka kwenye muundo. Kichwa itabidi akiombe kwa babu yake au kwa bibi yake, na hiyo ndiyo sababu ya kuwauliza mwaka huu, wangali hai, huku daftari likiwa wazi.